Mkono wa Mwalimu Karola

Mwaka 1968, mwezi Julai, kipupwe kikiuma masikio, nami nikiwa na miaka kumi na mitatu bila kukanyaga darasa, kijiji chetu karibu na Lukozi kilinuka nta. Aliyeipaka nta hiyo ni Mwalimu Karola, Mkanada aliyekuja kufundisha kwetu, juu ya sakafu ya saruji ya ghala la ushirika, ili mawe ya mchezo wake yateleze. Kwao, alitueleza, mchezo huo huchezwa juu ya barafu: mmoja husukuma jiwe zito la mviringo, wenzake hufagia mbele yake, na jiwe la mpinzani hugongwa litoke. Alikuwa ameuchezea mkoa wake miaka tisa, na mwezi Desemba angerudi kugombea nafasi katika timu ya taifa. Kila Jumamosi alifanya mazoezi, nasi watoto tukimfagilia, mawe yakigongana kwa mlio wa kutisha.

Jumamosi moja aliliona barazani kwetu jiwe la bibi, lile la juu la kusagia mahindi, laini kama yai, akalichukua akacheze nalo. Hakujua kwamba kwetu jiwe hilo hurithiwa na binti kutoka kwa mama, na halitoki nyumbani mwenyewe akiwa hai; kulitoa ni kumtangazia kifo. Lilipasuka ghalani. Baba akaingia na mpini wa jembe. “Umemuua mama yangu!” Pigo la kwanza lilivunja dirisha, la pili, mkono wa kulia wa Mwalimu, nami niliusikia mfupa. Wanaushirika wakamwangukia baba kwa mateke hata meno yake yakabaki sakafuni, kwenye nta na damu. Baba zangu wadogo wakaja na mapanga. Bibi mwenyewe ndiye aliyejitupa katikati yao: “Haya, nikanyageni! Mnanililia nami nawatazama?”

Hasira hasara. Mfupa uliunga upande, na kiwiko hakikukunjika tena. Timu ya taifa ikaishia hapo.

Siku hizi watu husameheana kwa ujumbe wa simu, na kesho yake hukatiana migomba. Sisi tulimaliza Jumapili, tarehe 6 Oktoba 1968, uani kwa balozi wa nyumba kumi. Baba alichinja kondoo. Kwa desturi, waliokosana hutaja hasira yao yote, kisha hutema funda la maji chini. Baba akataja, akatema. Mwalimu akasema kwa upole, “Mimi sina hasira. Nimeshasamehe.”

Balozi akakizuia kikombe. “Hapana, Mwalimu. Hasira iliyofichwa hurudi kuua watoto. Itoe.”

 Mwalimu akapaza sauti mpaka kuku wakatawanyika: “Mkono huu ndio uliokuwa maisha yangu! Natamani ungevunjika shingo, mzee!” Baba zangu wadogo wakashika fimbo. Baba hakuinua macho. Mwalimu akatema, maji yakarukia miguu ya baba.

“Sasa yamekwisha,” balozi akasema, na nyama ikaletwa. Kwetu kula kwa mkono wa kushoto ni kuwatusi wenyeji. Mwalimu alikula kwa kushoto, bibi akimchambulia mifupa, na hapakuwa na aliyemkanya.