Waya wa Bondeni

Nyumbani kwa Mzee Hezroni, Bujonde, kikohozi si ugonjwa, ni kengele. Mzee akitaka kupita uani anakohoa mara moja kule kwenye migomba, na mkwewe Prisca, hata kama yuko katikati ya kusonga ugali, anauacha mwiko ndani ya sufuria na kukimbilia ndani. Wakikutana njiani, Prisca anageuka, anachutama pembeni na kuinamisha uso mpaka mzee apite. Hamwangalii, haongei naye, na jina lake halitamki. Darasani kwake kuna kijana anaitwa Hezroni, na Mwalimu Prisca anapoita majina, akimfikia huyo husema, "Na wewe wa dirishani." Wanafunzi wanacheka chini kwa chini. Wanajua.

Wanyakyusa wanaiita ukutila, yaani kuogopa. Siku hizi wengi wameshaiacha. Nenda Kyela mjini utamkuta mtu na mkwewe wanakunywa soda meza moja, na hakuna aliyekufa. Lakini Mzee Hezroni ni mzee wa kanisa, ana shamba kubwa la kakao, na kwake mila na Injili zimekaa benchi moja wala hazisukumani. Siku Prisca anaolewa na Lugano, mama yake mzazi alimwambia, "Mwanangu, digrii yako iache mlangoni." Naye akaiacha. Kijiji kizima kikamsifu: mkwe ndiye huyu, wengine wanajaribu tu.

Haya, sikilizeni sasa sifa zilivyomponza.

Prisca anafundisha TEHAMA katika sekondari ya kata, na shule yenyewe haikuwa na mwalimu wa fizikia. Aliyekuwepo alihama, akaja mwingine, naye akaona mbu wetu na mafuriko yetu akahama. Mwaka ulipoanza, mfadhili mmoja akaleta vifaa vya intaneti: waya, ruta za kurushia waifai, na skrini kubwa. Mwalimu wa fizikia aliyeko Mbeya angefundisha kutoka huko huko, na watoto wa Bujonde wangemwona na kumuuliza maswali. Vifaa vilitolewa mara moja tu. Mfadhili alisema wazi kwamba vikiharibika, shule ijue yenyewe.

Kidato cha nne ndio waliokuwa wakiungojea mtandao huo kuliko watu wote, maana mtihani wa taifa ulikuwa Novemba. Miongoni mwao alikuwepo Jubilate, binti wa mfinyanzi mmoja wa kule ziwani, aliyekuwa akiishi kwa shangazi yake ili asome. Jubilate alitaka uuguzi. Chuo cha uuguzi kinataka fizikia, na fizikia yenyewe hajafundishwa. "Mwalimu," alimwambia Prisca, "mimi sihitaji alama kubwa. Nataka nifaulu tu, niingie." Prisca alimpenda yule binti kwa sababu hakuwa na maneno mengi wala hakuogopa kuuliza.

Basi Prisca akachora ramani ya mtandao. Alizunguka shule nzima na simu mkononi akipima mawimbi yanaishia wapi. Ofisi na madarasa ya wadogo yako juu kwenye mwinuko. Madarasa ya kidato cha tatu na cha nne yako chini, ng'ambo ya bonde, karibu na majaruba ya mpunga. Katikati pamefungwa na migomba na kakao, na majani yaliyolowa hula mawimbi. Hapo waifai ya ofisini haifiki hata ukiibembeleza. Kwa hiyo akapanga kila darasa liwe na ruta yake, na waya wa kuzipelekea mtandao utoke ofisini, upite juu kwenye nguzo, unyooke moja kwa moja hadi chini. Upite juu, kwa sababu masika lile bonde linajaa maji. Kila mtu Bujonde anajua. Hata bata wanajua.

Shida ni kwamba mwenyekiti wa bodi ya shule ni Mzee Hezroni. Yeye ndiye aliyetoa ile ardhi ya chini madarasa yakajengwa.

Siku ya kikao mzee alikuwa ndani, kwa hiyo mchora ramani alikaa nje. Mnacheka? Alikaa chini ya dirisha la ofisi, kwenye tofali, huku ramani yake akiieleza Mwalimu Sylvester, mkuu wa shule, mtu mwema anayeogopa kila mtu anayemzidi umri. Prisca alimsikia akibabaika.

"Hizi hapa ni nguzo, mwenyekiti. Waya unapita juu."

"Juu ya nini?" akauliza mzee.

"Juu ya... hapa pa katikati."

"Hapo katikati pana kakao zangu. Mtazikata matawi?"

"Kidogo tu, mwenyekiti. Kupunguza."

"Kakao inayozaa haipunguzwi kwa ajili ya umeme." Watu wakacheka. "Pale Kasumulu mpakani mmeona waya unaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo? Wamefukia chini. Nasi tufukie. Wananchi watachimba."

Prisca pale nje alikuwa na neno moja tu mdomoni: maji. Semeni maji, alikuwa akiomba, mtu mmoja tu ataje maji! Lakini kutaja maji mbele ya Mzee Hezroni ni kumwambia kwamba ardhi aliyoitoa kwa mbwembwe zote zile, mpaka akapigiwa vigelegele, ni dimbwi. Nani aseme? Wakasema, "Ndaga fijo, mwenyekiti," yaani asante sana, wakapitisha.

Mkuu wa shule alipotoka alimkuta Prisca amesimama macho mekundu. "Mwalimu," akamwambia kwa upole, "hili liongeeni nyumbani. Si mzee wenu? Ninyi ni familia."

Familia! Mtu mwingine yeyote pale shuleni angeweza kuongea na yule mzee, isipokuwa mtu wa familia.

Usiku ule alimweleza mumewe kila kitu. Lugano anafanya biashara ya mchele pale Kasumulu, na ni mwanamume asiye na ubaya, tatizo lake ni hilo hilo. Alisema atamwambia baba. Kesho yake akamwambia hivi: "Baba, mkweo anashukuru kwa kazi unayoifanya shuleni." Mzee akafurahi. Lugano akarudi nyumbani, akasema, "Nimemdokeza."

Siku ya kuchimba, wananchi walikuja na majembe, wakaanza tangu asubuhi. Prisca alitoka darasani akaona mtaro unaelekea mahali pale pale pa chini kabisa. Tena kwa kuwa walizunguka mashina ya kakao, waya ukawa mfupi, ikabidi uunganishwe vipande viwili, na kiungo kikaangukia katikati ya bonde. Alijificha nyuma ya mgomba akampigia mumewe.

"Lugano, wanafukia kiungo kwenye njia ya maji. Mpigie baba sasa hivi."

"Nitaongea naye jioni."

"Jioni watakuwa wameshafukia!"

"Sasa mke wangu, unataka nimwambie nini? Kwamba ametoa dimbwi? Mbele za watu wote hao?" Kisha akasema ana mteja, akakata.

Wewe unayesikiliza utasema, si angeenda tu mwenyewe? Hujaolewa Bujonde wewe. Hata hivyo alikwenda. Mungu ni shahidi, alitoka nyuma ya mgomba akaanza kushuka, sentensi ameshaipanga kichwani: Baba, hapa maji yatajaa. Maneno manne tu. Wachimbaji waliinua vichwa. Mzee Hezroni alikuwa amesimama ukingoni mwa mtaro ameegemea fimbo, na alipomwona mwanamke anakuja, naye pia akakumbuka heshima yake. Akageuza uso pembeni, akakohoa.

Miguu ya Prisca ikageuka. Hakuiambia igeuke. Ilizoea, ikageuka yenyewe, naye akajikuta amechutama kando ya njia na uso ameuinamisha, na nyuma yake akasikia mmoja wa wachimbaji akisema kwa sauti ya kupendezwa, "Mkwe huyo, bwana!" Kisha akasikia udongo unaporomoshwa mtaroni.

Mtandao uliwaka. Hilo lazima lisemwe. Februari nzima na Machi, kidato cha nne walimwona mwalimu wa Mbeya kwenye skrini, kijana mchangamfu aitwaye Anyisile, na Jubilate alikuwa mstari wa mbele akiuliza mpaka wenzake wakamwita mwandishi wa habari. Alifika mahali akaanza kuwaelekeza wenzake mambo ya mikondo na lenzi. Mzee Hezroni alikuja kutazama, na watu wakamwambia, unaona, mwenyekiti, kufukia kulikuwa na akili. Hata Prisca alianza kujidanganya. Labda mwaka huu mvua zitakuwa chache, alijiambia, labda lile bomba la plastiki walilopitishia waya litavumilia.

Mvua ya Kyela haipigi hodi. Aprili ilikuja na maji yakalala bondeni kama yalivyolala miaka yote. Siku ya tatu skrini ikaganda mwalimu akiwa mdomo wazi, kisha ikazima. Maji yalipopungua wakafukua: bomba lilikuwa limejaa tope, kiungo kimeoza, na waya wote umenywa maji. Vifaa vya chini vilikuwa vizima kabisa, vimekaa ukutani bila kazi. Waya mwingine hakuna, na mfadhili alikuwa ameshasema lake.

Wakajaribu kuwapandisha kidato cha nne juu, lakini madarasa ya juu yalikuwa yamefurika kidato cha kwanza, na hakuna mzazi aliyekubali mtoto mdogo ashushwe bondeni wakati wa maji. Kilichobaki ni waifai ya ofisini. Kidato cha nne wakawa wanasimama nje chini ya lile dirisha, wamejikunyata kuzunguka simu ya Mwalimu Prisca, wanamtazama Anyisile akiwa mdogo kama dole gumba. Mvua ikianza kupiga bati, hasikiki. Mwishowe wakapungua. Jubilate ndiye aliyebaki mpaka mwisho, akiwa amefunika daftari kwa jani la mgomba.

Tulifundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Haya, sisi la mkuu tulilisikia, tena tulilisikia vizuri sana, na guu likavunjika. La mtoto wa watu.

Kwenye mkutano wa wazazi, mmoja aliuliza nani alipanga ule waya. Mzee Hezroni akasimama, akasema kwa utulivu, "Ramani walichora wasomi wetu. Sisi wakulima tulichimba tu." Hakudanganya kwa chuki. Nadhani alikuwa ameshaamini hivyo. Watu wakageuka kumtafuta msomi mwenyewe. Alikuwa nje, kwenye tofali lake.

Alilia siku hiyo, kwa hasira na si kwa huzuni, na hasira nyingi ilikuwa juu yake mwenyewe. Alipomwambia Lugano, "Baba yako amenitupia mimi," Lugano akajibu, "Vumilia. Watu wanakusifu, hukujibu neno." Na kweli walimsifu. Jumapili kina mama wa kanisani walimshika mkono mmoja mmoja. Umelelewa, wakamwambia. Prisca alitamani kuwatemea mate.

Matokeo yalitoka Januari. Jubilate alifaulu Kiswahili, alifaulu biolojia, alifaulu kemia. Fizikia alipata F. Chuo cha uuguzi hakikuwa na la kujadili.

Haikupita muda, alasiri moja Prisca yuko jikoni anachambua mchele, akasikia hodi. Jubilate alikuwa mlangoni, amevaa kitenge kipya, na chungu kidogo cha mama yake mkononi kama zawadi.

"Ugonile, mwalimu," akasalimu.

"Ndaga, mwanangu. Karibu. Kaa hapo."

Jubilate akakaa kwenye kigoda. Walizungumza habari za ziwani kidogo. Kisha Prisca akauliza kama atarudia mtihani, na binti akatikisa kichwa.

"Wameleta posa. Watu wa Talatala. Shangazi amepokea."

Prisca akaacha kuchambua.

"Mwalimu, naomba nikuulize kitu. Ule waya, ulijua maji yatauharibu?"

"Nilijua."

"Tangu mwanzo?"

"Kabla hawajachimba."

"Na hukusema." Binti hakuuliza kwa ukali. Alisema tu, kama mtu anayehakikisha jibu alilokwisha kulipata.

"Sikusema."

Jubilate alizungusha chungu mikononi. Halafu akasema lililomleta. "Familia ninayoolewa wanashika mila. Sisi wa ziwani hatuzijui vizuri hizi zenu. Shangazi amenituma kwako. Anasema Bujonde nzima hakuna anayejua heshima ya ukwe kama wewe, kwa hiyo unifundishe."

Prisca alimtazama. Alikuwa na mengi ya kumwambia, Mungu wangu, alikuwa nayo tele, ya miaka yote. Alitaka kumwambia kimbia. Alitaka kumwambia huko Talatala siku ya kwanza tu akisikia jambo baya linapangwa apige kelele, wamwite mshenzi, wamrudishe kwao na aibu yake, afadhali hiyo. Aliinama mbele, akamshika yule binti mkono, akafungua mdomo.

Kule kwenye migomba, mtu akakohoa.

Mchele ulimwagika. Prisca alikuwa ameshachutama nyuma ya mlango, uso chini, kabla hajajua amefanya nini. Hatua za mzee zikapita uani polepole pamoja na fimbo yake. Alipoinua macho, Jubilate alikuwa ameondoka kwenye kigoda. Alikuwa amechutama kando yake, ameinamisha uso vile vile, anamwibia jicho kuona kama amepatia.