Handaki Lililopotea Kisiwani

Nimefundisha historia katika sekondari ya Kahororo, mjini Bukoba, kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza baba yangu swali hata moja kuhusu vita. Wanafunzi wangu wanaweza kukutajia sababu za vita vya watu wa Ulaya bila kupumua. Vita vya Kagera, ambavyo baba alivipigana akiwa nyumbani kwake, hatua chache kutoka jikoni kwa mama, nilivipitia kwa vipindi viwili tu halafu nikawapa zoezi.

Aliyenisuta ni baba mwenyewe. Mwaka jana alikuja Bukoba kufanyiwa upasuaji wa jicho, akakaa kwangu Nshambya wiki tatu, na huko akasikia kwamba kuna kamati mjini inaandaa chumba cha kumbukumbu za vita. Akanituma nikaulize kama kisiwa chetu kimo. Nikaenda. Hakimo. Nilipomletea jibu akajifanya anatafuta dawa yake ya jicho, na chupa alikuwa ameishika mkononi.

Kisiwa chenyewe kiko upande wa Muleba, mwendo wa saa mbili kwa mtumbwi wa injini kutoka mwalo wa bara, ufuko wa kushushia samaki. Wakati ule wanajeshi walikuja, wakachagua wanaume wa kisiwani, wakawafundisha mgambo haraka haraka, wakachimba nao handaki upande unaotazama kaskazini, wakapanga mawe mbele yake, kisha wakawaachia bunduki chache na amri ya kulinda. Wakalinda mpaka vita vikaisha. Adui hakuja. Hilo ndilo tatizo la kisiwa chetu katika historia: hakuna aliyekufa, hakuna kilichoungua, na risasi pekee iliyofyatuliwa ilimlenga kiboko, ikamkosa. Baba hapendi nilieleze hivyo. Yeye husema adui hakuja kwa sababu aliona kuna watu.

Wa kikosi kile wamebaki watatu. Yupo baba. Yupo mzee aliyekuwa mpishi wao, ambaye kila mwaka hujipandisha cheo kidogo, na sasa amefika kwenye kufyatua mzinga ambao hakuna mwingine anayekumbuka kuuona. Na yupo mzee wa darubini, aliyekuwa akitazama ziwa mchana kutwa kwa darubini yenye kioo kimoja tu kizima, cha kushoto. Huyu ndiye anayekumbuka vizuri kuliko wote, ila mambo yake yote yalitokea upande wa kushoto.

Baba aliporudi kisiwani nikaenda tena; mtu wa kamati alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema anahitaji kitu cha kupiga picha. Kama handaki lipo, lichimbuliwe, atakuja na kamera, na majina ya walinzi yataandikwa ukutani pamoja na ya wengine. Kama halipo, basi ni masimulizi tu, na masimulizi anayo ya kutosha. Nikampigia baba simu kumweleza. Akaniuliza kama kweli ni majina, yaliyoandikwa kabisa. Anakaribia miaka themanini. Nikajua hakuna kingine anachokitaka duniani, na niliona aibu kwamba nimechelewa hivyo.

Likizo ya Juni nikaenda kisiwani. Shida ni kwamba handaki lilikuwa limepotea. Sisi watoto tulikua tukiambiwa kwamba mvua za masika zililifukia mara tu baada ya vita, na hakuna aliyeuliza zaidi. Wazee wale watatu walikunywa kwanza rubisi kidogo, pombe ya ndizi, ya kuamshia kumbukumbu, wakachukua majembe, wakaingia kwenye kibanja chetu, shamba la migomba linalozunguka nyumba. Mpishi akalionyesha karibu kabisa na palipokuwa na sufuria lake. Mzee wa darubini akalionyesha upande wa kushoto. Wakachimba mashimo mawili, wakapata kipini cha jembe na kiatu changu cha plastiki cha utotoni. Baba alikuwa akizunguka peke yake, anachoma ardhi kwa fimbo. Mama alikuwa barazani anamenya ndizi, na kutoka huko aliwatangazia kwamba wakigusa mizizi ya kahawa yake atawaonyesha vita ambavyo hawakuviona.

Mimi ndiye niliyeliona. Kibanja cha Wahaya hakina mistari. Mgomba hupandwa panapopatikana nafasi, na kahawa hujipenyeza katikati. Lakini pembeni kabisa, upande wa ziwa, kulikuwa na migomba ya aina ya nshakala iliyosimama kwa foleni, na foleni ile ilipinda mara mbili, sawasawa na mahandaki ninayoyachora ubaoni. Mikungu yake ilikuwa mikubwa kuliko yote kibanjani. Nimekula ndizi za pale maisha yangu yote. Nikawaita wazee, na bila kufikiri nikasema kwa sauti kwamba sijawahi kuona mvua inayopanda migomba.

Baba aliitazama ile foleni kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akainua jembe.

Mama alikuwa ameshafika. Akasimama mbele ya mgomba wa kwanza, kisu cha kumenyea bado kiko mkononi.

"Nililifukia mimi," akatuambia. "Vita viliisha, wenzake wakarudi kuvua, yeye kila asubuhi anashuka kukaa humo, anatazama maji. Naongea naye, hanisikii. Nikaona shimo hili litanimalizia mume. Akienda mwaloni, nabeba samadi, nabeba maganda ya ndizi, namwaga. Miezi minne. Leo mnataka kulifukua?"

Wazee wawili wakageuka kuangalia ziwa kana kwamba zamu yao imefika. Mimi nilikuwa nawaza yale majina ukutani, namwonea baba huruma, namwonea mama huruma, na sikujua nisimame upande wa nani.

Baba akashusha jembe. "Nilijua," akasema.

Mama akamuuliza alijua nini.

"Kila asubuhi nililikuta limepungua kina. Maganda ya ndizi nayajua, mama watoto. Nilikuwa nakungoja umalize."

Nilitegemea mama atalia, maana mimi nilikuwa nimeshaanza. Yeye alikasirika. Alitaka kujua ni mwanamume gani anayejua mkewe anabeba samadi miezi minne, kikapu baada ya kikapu, na hamsaidii hata siku moja. Baba akasema yeye kwa mikono yake asingeweza kulifukia. Mama akafuta kisu kwenye kanga, na ugomvi ukaishia hapo.

Migomba haikuguswa. Niliipiga picha kwa simu, wazee watatu wakiwa wamejipanga katikati yake, nikamtumia mtu wa kamati na maelezo mafupi. Jioni hiyohiyo alijibu kwamba atakuja kuipiga vizuri kama ilivyo, na kwamba nimtumie majina ya walinzi.

Tukakaa barazani, baba akanitajia majina, ya walio hai na ya waliokufa, mimi naandika. Alianza na lake mwenyewe, bila haya. Yalipokwisha yote aliniambia niongeze jina la mama, tena niliweke hapo juu, karibu na lake. Mpishi, ambaye kwa hesabu hiyo alishuka nafasi moja, akajikohoza.

"Waitu, ndugu yangu, na yeye alimlinda nani?"

"Mimi," baba akasema.