Mahali Mstari Ulipopinda

Mimi nina mdomo. Najua, na watu wa Ndosho, mtaa wetu hapa Goma, wanajua. Mteja akiniletea barua ya ovyo namwambia palepale, hata akiwa mchungaji. Nina kibanda cha kuchapa, kompyuta mbili na mashine moja ya fotokopi, kando ya barabara ambako pikipiki hazinyamazi tangu asubuhi. Kazi yangu ni karatasi za watu: maombi ya kazi, mialiko ya harusi, matangazo ya kilio. Miaka michache iliyopita nilichapa karatasi za kwetu, na siku hiyo mdomo wangu ulinitia aibu ambayo bado ninayo.

Kwetu ni mbali, ng'ambo ya Masisi, msituni. Mimi nilizaliwa Goma. Kule nimefika mara nne tu. Aliyebaki kule ni papa mdogo, ndugu wa marehemu baba. Kijiji kilimchagua aongoze kamati ya msitu, kwa sababu sheria ilikuwa imebadilika: watu waliokaa na msitu tangu mababu sasa wanaweza kuuombea karatasi kwa gavana wa jimbo, wausimamie wenyewe, wapange wenyewe wapi pa kulima, wapi pa kuwinda, mti upi ukatwe na upi uachwe. Zamani mtu alikuwa anashuka na karatasi yake kutoka Kinshasa, anakuambia msitu huu ni wangu, na wewe uliyezaliwa ndani unabaki kuomba ruhusa ya kuokota kuni. Papa mdogo alisema karatasi imetutesa vya kutosha, sasa itutetee. Nilimpenda sana kwa neno hilo.

Dosie, yaani faili la maombi, ilitaka orodha ya familia, ripoti ya mkutano na ramani. Ramani waliichora kwanza chini, kwa majivu, siku mbili nzima. Wanawake walionyesha mashamba na chemchemi, wanaume njia za kuwindia. Halafu wazee na fundi wa shirika moja, mwenye GPS, ile mashine ya kupima mahali, wakatembea mpaka wote kwa miguu, siku nane kwenye matope. Fundi akanitumia namba za mashine hiyo. Kazi yangu ilikuwa kuziunganisha, kutia majina ya mito, na kuchapa nakala tano safi.

Mstari ulitoka vizuri. Upande wa kaskazini tu ndipo ulipoingia ndani ghafla, kama mkate ulioumwa. Nikasema labda ni mto. Sikuuliza, mimi ninayeuliza kila kitu!

Papa mdogo alifika asubuhi, buti zake zimejaa udongo mwekundu ambao hapa kwetu kwenye mawe meusi hatuna. Dosie ilikuwa ya kuwekwa ofisini kesho yake. Nikampa chai na mandazi, nikamtandikia ramani mezani. Alicheka kama mtoto alipoona shamba la mke wake. Kidole kikaenda kwa mto, kikapanda kaskazini, kikasimama.

"Hapa, ju ya nini mustari umeingia ndani?"

"Weye njo ulitembea, papa. Miye nilifuata tu miguu yenu."

Akavua miwani. Akaisukuma chai kando bila kuionja.

Kuna mahali kule kwetu. Nimekua nikijua kwamba pako, bila kuambiwa pako wapi. Ndipo wamelazwa mashefu, watawala wetu wa zamani, na kando yao watu wa ukoo wetu, ambao kazi yao ni kupalinda. Wanaingia waliopitishwa kwenye mila tu. Ambaye hakupitishwa, kama mimi, ni mtu wa nje: haonyeshwi, si kwa kidole, si kwa neno, awe mwanamke au mwanaume. Na anayemwonyesha mtu wa nje amejitoa mwenyewe: hataingia tena, akiwa mzima au akiwa maiti. Papa mdogo ndiye aliyekuwa mlinzi. Nafasi yake ya kuzikwa ilikuwa inamngoja karibu na baba yake.

Sasa nikaelewa kilichotokea. Walipofika upande ule na yule fundi, wazee walifanya kama wanavyofanya siku zote: walishusha sauti, wakapinda kushoto, wakapita mbali. Hakuna aliyeamua. Miguu yao ilizoea hivyo tangu ujana. Na mashine ilikuwa mkononi mwa fundi, inahesabu hatua. Mashine haijui heshima. Iliandika kwamba msitu wetu unaishia pale. Kwenye majivu nako hakuna aliyepachora, kwa kuwa watoto na wageni walikuwa wanatazama. Basi mahali tulipopatunza kuliko pote, sisi wenyewe tulikuwa tumeandika, zimebaki saini tu, kwamba si petu.

Na upande huohuo tajiri mmoja wa mbao alikuwa ameshapita, ametia rangi nyekundu kwenye mashina. Kitakachobaki nje ya mstari wetu angekiomba yeye.

"Papa, si niusukume tu?" nikasema. "Nautoa inje kidogo."

"Utoe kidogo."

"Mpaka wapi?"

Akarudisha mikono mapajani.

"Hapa?"

"Songa."

"Wapi, papa? Juu ao chini? Kwa mto ao kwa mulima?"

"Weye songa tu, mutoto wangu."

Jamani! Nilitaka kulia na kucheka. Kurudi kupima upya hakukufaa: fundi alikuwa ameenda wilaya nyingine na mashine yake, na nyuma ya mahali pale ni korongo tupu. Kupazunguka kwa nje huwezi, lazima upite ndani.

Nikafungua kwenye kompyuta picha ile inayopigwa kutoka angani. Papa mdogo akaona mabati ya kanisa lao, akaona migomba, akaona njia aliyopita jana. Akashika mdomo. Halafu nikateremsha picha polepole kuelekea kaskazini, kijani tupu.

"Nani alimupa ruhusa ya kupiga foto huku?"

"Hawaombake ruhusa, papa. Ona, imeshaonekana. Ata mutu wa Chine anaiona."

"Anaona miti. Hajue ni wapi." Akatikisa kichwa. "Kuonekana ni kitu kingine, kuonyeshwa ni kitu kingine."

Ndipo mdomo wangu uliponiponza. Nilimwambia, kwa sauti ambayo hata jirani wa saluni aliisikia: "Basi waache wafu wenu wakatwe na musumeno, ju ya kidole kimoja!"

Alitoka nje akasimama kando ya barabara, vumbi linampiga, mikono nyuma. Akaja mteja wa fotokopi nikamfukuza. Nilikaa pale nikijichukia, maana nilikuwa nimemsemesha baba yangu mdogo kama mtoto wa shule. Mimi nilikuwa nalilia ramani. Yeye alikuwa analilia kitu ambacho mimi mtoto wa Goma sikuwahi kuwa nacho, kwa hiyo sikukijua uzito wake.

Aliporudi aliniambia nifunge mlango. Akavuta kiti, akasogea mpaka bega lake likagusa langu, akanyoosha kidole, akakiweka juu ya kioo cha kompyuta.

"Anzia hapa. Fuata maji. Sasa panda, pole pole. Hapo. Hapo kwenye miti inafunga, pita inyuma yake."

Nilibonyeza kila alipogusa. Kwenye karatasi sehemu ile haikuwa kubwa kuliko kucha ya dole gumba, lakini mstari ulitoka nje, ukaikumbatia, ukarudi njiani mwake. Nikachapa tena nakala zote tano. Akatia saini moja moja, anapuliza wino.

Karatasi ya gavana ilikuja kutoka baadaye, na mahali pale pamo ndani. Tajiri wa mbao alienda kutafuta kwingine. Kijijini walichinja mbuzi. Wanadhani ni fundi aliyesahihisha.

Lakini siku ile, tulipomaliza, nilifunika kalamu. "Hakuna mutu atajua, papa," nikasema. "Ni miye na weye tu."

"Na wao, wenye kulala kule?"

Akainywa ile chai, baridi hivyohivyo. Akakung'uta makombo ya mandazi kwenye suruali, akatazama nje, kwenye yale mawe meusi ya volkano yaliyofunika mji wetu wote.

"Mutoto wangu, nyiye wa hapa Goma, munazikaka watu wapi? Hii mawe munaichimbaka na nini?"

Nilimwambia ukweli: kwa mtarimbo, na inachukua siku nzima.