Uvunguni kwa Mama Mkwe

Tangu sheria mpya itoke, pikipiki ikisimama tu nje, fundi simu anadhani ni mkaguzi. Eti simu mbovu anazochomoa vipuri sasa ni taka hatari, na asiye na kibali anafungiwa duka! Akazijaza kwenye magunia, mkewe akayasukuma uvunguni mwa kitanda cha mama yake mzazi, katika chumba cha nyuma ya duka. Mkaguzi gani atathubutu kuingia chumbani kwa mama mkwe wa mtu?

Mkaguzi akaja, akapekua kila droo, asione kitu. Fundi akashusha pumzi. Ndipo yule bwana akatoa simu yake iliyopasuka.

"Kioo cha hii unacho?"

"Sina, mkuu."

Sauti ya mama mkwe ikatoka chumbani: "Baba, usifukuze mteja! Si vimejaa huku uvunguni kwangu?"