Fundi Sikio na Baiskeli ya Mkewe

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Fundi Sikio, kwa sababu hakuhitaji kuifungua baiskeli ili ajue inaumwa wapi. Ulimpelekea kibandani, akainua nyuma, akazungusha gurudumu kwa kidole kimoja, akainamisha kichwa kama mtu anayenong'onezwa umbea. "Gololi mbili zimesagika," angesema. "Njoo saa kumi." Ukifungua, unakuta kweli gololi mbili zimesagika. Miaka ishirini na miwili alifanya hivyo, na kila mara watu walitikisa vichwa kwa mshangao, na kila mara alijifanya hauoni.

Mkewe alishona sare za wanafunzi, ndiyo maana akaitwa Mama Sare. Kila wiki alifunga sketi na mashati ndani ya shuka, akajitwika, akapanda kilima kuzipeleka kwenye shule tatu za upande wa pili wa mji. Goti lake la kulia lilikuwa limeanza kulalamika. Na katika stoo ya nyumbani kwao, kwenye msumari, ilining'inia fremu ya baiskeli ya kike ambayo mumewe alimwahidi kuiunda tangu binti yao wa pekee hajaolewa.

"Wiki ijayo, mama watoto. Nikimaliza za watu."

Za watu hazikuisha. Kinyozi wa kibanda cha jirani alimtania: "Mimi wakiniambia kinyozi hajinyoi, nacheka tu, maana hiki kipara hakina cha kunyoa. Lakini wewe! Mke wa fundi baiskeli anapiga mguu kila siku!" Fundi Sikio alicheka naye, akaendelea kuziba pancha.

Siku moja aliingia stoo kutafuta kopo la grisi, akaona msumari mtupu.

Fremu aliikuta kwenye chumba cha kushonea. Ilikuwa imegeuzwa miguu juu, katikati ya cherehani na meza ya kupigia pasi, imeshavalishwa magurudumu. Pembeni yake, juu ya kitambaa cha bluu cha sare, palikuwa na injini ndogo yenye kutu, ya ile mashine ya kukatia nyasi inayobebwa begani.

"Shule wamenunua mpya," mkewe akasema bila kuinua macho. "Hii ya zamani nikaiomba."

"Ya nini?"

"Ya kunipandisha kilima."

Fundi Sikio alicheka mpaka akashika ukuta. "Wewe? Injini kwenye baiskeli? Mama watoto, huko si kutia uzi kwenye sindano."

Mkewe alikuwa anapima umbali wa kutoka injini hadi gurudumu la nyuma kwa futi kamba yake ya kushonea, na pale alipotaka kukumbuka, alitia alama kwa chaki ya fundi cherehani.

Kicheko kilimwishia Fundi Sikio siku ya nne. Alirudi mchana kula, akakuta mkewe amekata boksi la viatu kama mtu anayekata kola ya shati. Ameliweka kwenye fremu, amelipunguza, ameliweka tena, mpaka limekaa bila pengo. Kisha akalipeleka kwa mchomeleaji na kumwambia, "Nikatie bati nene la namna hii." Kikarudi kitako cha injini kilichoshika fremu kama kofi lililoshika shavu. Fundi Sikio alikigusa kingo zote. Alitafuta kasoro. Hakuiona, na roho ikamwuma kama jino.

Kisha ikaja simu.

Mama Sare alianza kuongea na mtu kila baada ya chakula cha mchana. Alisimama karibu na dirisha, sauti nyepesi, kama ya msichana. "Jana ilinikatalia kabisa," Fundi Sikio alimsikia akisema, naye yuko barazani na bakuli mkononi. "Leo nimeibembeleza, ikakubali mara moja tu, ikazima… Ee. Ee! Kumbe unatakiwa uilegeze kwanza?" Akacheka. Fundi Sikio hakukumbuka ni lini alimchekesha mkewe hivyo.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Bwana Pampu. Yule fundi wa pampu za maji za shule. Ananielekeza mambo ya kabureta."

Bwana Pampu! Mtu mwenyewe alimjua kwa sura: mrefu, ovaroli imepigwa pasi, meno yote mahali pake. Kuanzia hapo Fundi Sikio hakulala vizuri wala hakula vizuri. Alihesabu dakika za simu. Aliponusa petroli kwenye kanga ya mkewe, alinusa na mtu mwingine. Kibandani alikaza nati moja mpaka ikakatika, jambo ambalo kinyozi alisema hajaliona tangu wajuane.

Jumanne alifunga kibanda mapema, akapanda kilima kwa hatua za mtu anayekwenda kudai haki yake. Alimkuta Bwana Pampu nyuma ya jengo la shule, kwenye banda la mashine, amepiga magoti mbele ya pampu iliyofunguliwa tumbo.

"Oho, karibu, shemeji!" Bwana Pampu akasema, akampa kiwiko badala ya kiganja, maana viganja vilikuwa vimejaa mafuta.

"Nimekuwa shemeji yako tangu lini?"

"Si mume wa dada yangu? Mama Sare nimeshamfanya dada. Kaa hapo juu ya ndoo." Hakuona hasira, au aliiona akaipita. "Shemeji, mkeo ana mkono! Nimefundisha watu kazi hii, wanaume wazima, hawaulizi kitu. Wanaitika tu. Yeye anauliza. Aliniuliza kwa nini mafuta ya injini yachanganywe na petroli, nikamweleza. Akasema, 'Aa, kumbe ni kama cherehani, isipokuwa hii inakunywa mafuta yake yenyewe.' Nilikaa nikafikiri siku nzima. Ni kweli!"

Fundi Sikio akakaa juu ya ndoo.

"Kitu kimoja tu sikumsaidia," Bwana Pampu akaendelea. "Lile gurudumu kubwa la meno, tumelitoa kwenye pampu mbovu, anataka kulifunga kwenye spoki za nyuma. Mambo ya spoki siyajui. Nikamwambia, 'Muulize mumeo, huyo ndiye bingwa.' Akanijibu, 'Mume wangu kazi zimemzidi, sitaki kumchosha.'"

Fundi Sikio aliteremka kilima polepole. Mapenzi hayakuwepo, hata kipofu angeona. Na hapo ndipo alipogundua kwamba hakufurahi. Angemkuta mkewe na bwana, angejua la kufanya: angepiga kelele, angewaita ndugu, watu wangempa pole. Lakini utamwitia mtu ndugu zake kwa kosa gani? Kwa kosa la kuwa na mkono? Nyumba ile ilikuwa na mtu mmoja wa chuma na mtu mmoja wa kitambaa. Sasa yule wa kitambaa anashika chuma, na wageni wanamsifia mbele ya mwenye chuma chake. Haukuwa wivu wa mume tena. Ulikuwa kijicho, kile cha fundi kwa fundi mwenzake, na kilimtia aibu hata yeye mwenyewe aliyekibeba.

Ijumaa alasiri Mama Sare alimwita. Baiskeli ilikuwa imekamilika: tangi dogo lililokuwa kopo la rangi, injini imekumbatiwa na vipande vya mpira wa tairi ili isitetemeshe fremu, mnyororo umenyooka kuelekea lile gurudumu la meno lililofungwa kwa boliti kwenye spoki.

"Baba watoto, nisikilizie hilo la nyuma. Wewe ndiye mwenye sikio."

Aliinama. Akazungusha kwa kidole. Gurudumu lilizunguka, na ndani ya mzunguko akasikia *tik*. Kidogo sana. *Tik, tik*, kisha kimya, kisha tena. Spoki tatu zilikuwa zimelegea, upande uleule wa boliti. Kwa mguu wa mtu zingevumilia mwaka mzima. Kwa injini, hata siku moja zisingevumilia.

Mkewe alikuwa anamtazama usoni, akisubiri.

"Liko sawa," Fundi Sikio akasema.

Maneno yalimtoka kama kwikwi. Alijiambia atayarekebisha baada ya chai. Baada ya chai akajiambia kesho, kabla hajaipanda. Kesho yake akatoka nje, akakuta nusu ya mtaa imeshapanga mstari.

Mama Sare alikaza kilemba, akapiga pedali mara sita, akafungua mafuta. Moshi ukatoka, kisha mlio kama wa nyigu ndani ya debe, na baiskeli ikaruka mbele. Watoto wakakimbia nyuma yake. Alifika kona, akageuka, akarudi akicheka mdomo wazi, na kinyozi akaacha mteja na nusu ya ndevu akaja kupiga makofi.

"Fundi wa kweli alikuwa ndani ya nyumba, sisi tunampelekea huyu baiskeli zetu!" mtu akasema, na watu wakacheka.

Fundi Sikio alitabasamu kwa midomo tu. Alipaswa kupiga kelele: simama! Lakini mkewe alikuwa anapita tena, kwa kasi zaidi, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo hakuna mtu aliyempa, naye akajikuta anapiga makofi kama wengine.

Spoki zilikatika mbele ya nyumba ya pili. Gurudumu la meno likapinda, likaumeza mnyororo, baiskeli ikasimama ghafla na Mama Sare akaendelea peke yake, hewani, mpaka kwenye mtaro.

Fundi Sikio alimfikia wa kwanza. Kifundo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimevunjika. Kwenye zahanati, mganga alipokuwa anamfunga plasta, aliuliza ilikuwaje, na Mama Sare akajibu, meno yameumana kwa maumivu, "Nilikosea mimi. Nilikaza boliti vibaya."

Hilo ndilo lililomshinda Fundi Sikio. Wangefika nyumbani mkewe akamlaumu, angejitetea. Lakini mkewe alijilaumu, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu akaanza kuchora kwenye karatasi kwa mkono mzima ajue alikosea wapi. Fundi Sikio akakaa kwenye kigoda cha cherehani.

"Niliisikia," akasema.

Kalamu ikasimama.

"Ijumaa. Spoki tatu. Nilizisikia nikanyamaza."

Mama Sare akaiweka kalamu chini. Hakupiga kelele, na ingekuwa nafuu kama angepiga. "Kwa nini?"

"Nilikuonea wivu."

"Na Bwana Pampu?"

"Mwanzoni. Halafu nikaenda nikamwona, ukaisha huo." Akaitazama plasta. "Halafu nikakuonea wewe. Mikono yako."

Nje mtu alipita akipiga kengele ya baiskeli. Mama Sare alikunja karatasi yake mara mbili.

"Ule wa Bwana Pampu ningekusamehe leo hii," akasema. "Huu mwingine nipe muda. Ungeniua, unajua?"

"Najua."

"Hapana. Kaa ujue kwanza."

Siku kumi na moja hawakusemezana ila ya lazima. Sare za shule hazikungoja plasta, kwa hiyo yeye alikaa kwenye kiti na kuamuru, na mumewe alikaa kwenye cherehani na kutii. Alishona pindo likapanda na kushuka kama njia ya nyoka. Sindano ikamchoma kidole gumba. "Fumua," mkewe akasema. Akafumua. "Anza tena." Akaanza. Bingwa wa miaka ishirini na miwili, sketi ya mtoto wa darasa la kwanza ilimtoa jasho mpaka mgongoni.

Siku ya kumi na mbili mkewe alileta gurudumu bovu na kifurushi cha spoki mpya, akaviweka sakafuni.

"Nielekeze."

Fundi Sikio akanyoosha mkono kulichukua.

"Nimesema nielekeze. Usiguse."

Basi akakalia viganja vyake. Alimwambia spoki ipi ivuke ipi, na kwa nini za upande wa mnyororo ni fupi kuliko nyingine. Mkewe aliliegemeza gurudumu kwenye plasta, akafanya kwa mkono mmoja, polepole, akikosea na kurudia. Yapata saa tisa, rimu ilikaa wima. Akaizungusha kwa kidole. Akainamisha kichwa.

"Kuna moja inasema," akasema. "Hapa. Au hii ya jirani?"

Ilikuwa hiyo ya jirani. Mumewe sikio hilo alilipata baada ya miaka mitatu ya kazi. Mkewe kakaribia siku ya kwanza. Kile kijicho kikaamka tena, kikali kama siku ile, na kwa pumzi moja alijua angeweza kunyamaza na hakuna ambaye angejua kamwe.

"Ya jirani," akasema haraka, kabla hakijamfika mdomoni. "Kaza nusu mzunguko. Siyo robo. Injini inataka nusu."

Plasta ilipotoka, Mama Sare alipanda kilima kwa injini, mzigo umefungwa nyuma, na walimu wakatoka madarasani kumwangalia. Yeye na mumewe hawakurudi kuwa kama zamani mara moja. Kuna siku alimwita baba watoto, kuna siku hakumwita kitu. Lakini simu za mchana alizipiga akiwa mezani naye, na siku moja akampa simu mkononi: "Bwana Pampu anauliza habari za spoki. Mjibu wewe."

Miezi miwili baadaye mwanamume mmoja muuza magazeti alifika kibandani akisukuma baiskeli, na injini ndogo ndani ya gunia.

"Wewe ndiye fundi wa kufunga injini?"

Fundi Sikio aliitazama injini, akamtazama mtu. Kufunga angeweza, aliona yote yakifanyika mbele ya macho yake.

"Magurudumu ndiyo yangu," akasema. "Injini ni ya mke wangu. Nyumba ya tatu, mlango wa kijani. Gonga kwa nguvu, akiwa kazini hasikii."

Mtu akashukuru, akaenda. Fundi Sikio akabaki amekaa na spana mkononi, roho ikimwuma, akiisubiri ipoe. Ilichukua kama dakika mbili. Kisha akavuta baiskeli iliyofuata.