Pindo la Gauni la Hospitali

Mama yangu ni fundi cherehani, na sisemi kwa kuwa ni mama yangu: nusu ya mabibi harusi wa mtaa wetu wamevaa kazi ya mikono yake. Wateja wanamwita Fundi Pindo, maana pindo lake halifumuki. Kwa miaka arobaini sijasikia mtu akisema alimkuta amekaa bure.

Mwaka jana vidole vilianza kumgomea. Asubuhi hawezi hata kutunga uzi. Eksirei haikuonyesha kitu, vipimo vya damu navyo vikatoka safi, na kaka yangu mkubwa, ambaye hajui hata kushona kifungo, akatoa hukumu: ni uzee tu, na pengine Mama kachoka kazi anatafuta sababu. Akaiondoa cherehani dirishani, akaifunika kwa shuka, akasema mwisho wa mwezi binamu yetu ataichukua. Mimi damu ilinichemka kwa niaba yake.

Daktari wa viungo akampeleka kwenye mashine kubwa ya picha. Alituambia Mama atadungwa sukari yenye mionzi kidogo. Palipo na uvimbe wa ndani panakula sukari nyingi kuliko kwingine, kwa hiyo kwenye picha panawaka. Pakiwaka, ni baridi yabisi, na dawa ipo. Pasipowaka, kaka kashinda.

Baada ya kudungwa, alitakiwa kupumzika saa nzima kitini peke yake, bila kuchezesha hata kidole.

Picha ilipotoka, mtaalamu wa mashine akakuna kichwa. Mkono wa kulia ulikuwa unang'aa wote, misuli kuanzia kiwikoni mpaka dole gumba, na maungio hayasomeki. Akamuuliza Mama alikuwa anafanya nini kule chumbani. Mama, bila haya hata chembe, akamwonyesha pindo la gauni la hospitali alilovaa. Alilikuta limefumuka, na kwenye mtandio wake hakukosi sindano ya kushonea yenye uzi. Akalishona lote, na maumivu yake hivyo hivyo. Kumbe misuli ikifanya kazi nayo inakula sukari.

Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia. Tukapangiwa siku nyingine, siku mbili tu kabla ya mwisho wa mwezi.

Safari hii nilimpekua kama askari wa mpakani, nikamnyang'anya sindano tatu. Alikaa saa ile nzima, mikono mapajani. Anasema hakuna gauni la harusi lililowahi kumtoa jasho namna ile.

Daktari akatugeuzia kompyuta, kaka akiwa nyuma yetu. Misuli imetulia. Maungio ya vidole na ya vifundo vya mikono yote miwili yanawaka, moja baada ya jingine. Daktari akasema hajui mtu mwenye mikono hiyo aliwezaje kushona hata mshono mmoja. Nilijiona mrefu kuliko wote mle ndani.

Mama alimgeukia kaka. "Umeona, mwanangu?"

"Nimeona, Mama. Nisamehe."

Jioni ile ile kaka aliibeba cherehani mwenyewe, akairudisha dirishani.

Dawa haikuwa na haraka. Ilipita miezi minne, mpaka juzi Mama alipotunga uzi mwenyewe, mara moja tu, ukapita. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kifungo cha shati la kaka, na alikishona kaka akiwa amelivaa, amesimama wima, hathubutu kupumua.