Kipimo cha Wanjala

Pale Kiminini unga haukuwa laini mpaka Wanjala aseme ni laini. Tangu mwaka wa themanini na tatu, Sharif alipomwajiri kuendesha mashine yake ya kusaga, akina mama walisubiri auchote unga, afumbe macho, ausugue polepole kwa dole gumba, ndipo atoe hukumu. Neno lenyewe alilionea choyo. Blanketi, kwake, lilikuwa zuri tu. Mhubiri mgeni aliposifiwa kwa sauti laini, Wanjala aliuliza ni nani aliyeishika.

Alichokificha ni kwamba, kufikia mwaka wa tisini na moja, vidole vyenyewe vilikuwa vimeota sugu hata havisikii kitu. Maskini aliendelea kuvisugua. Aliogopa kwamba Sharif akijua atamtafuta mwingine, na kwa hofu hiyo akawa anafumba macho muda mrefu zaidi. Wateja wakadhani ujuzi umezidi.

Asubuhi moja Chelangat akarudi na unga wa wimbi aliosagiwa jana yake. Alikuwa amemwachisha binti yake Jeruto ziwa, na mtoto alikuwa akiutema uji wote. Wanjala akatia mkono mfukoni mwa unga, akafumba macho, akasema ni laini. Foleni nzima ikaitikia kwa kichwa.

Chelangat hakubishana. Aliushika mkono wa Wanjala, akavipapasa vile vidole, akaelewa. Kisha akachota unga kidogo akampaka kwenye mdomo wa chini, mbele ya watu, kama anayemlisha Jeruto.

"Sikia hapo, mzee. Halafu si useme ukweli."

Midomo ya Wanjala ilikuwa imefanya kazi kuliko mikono yake, foleni yote ilijua hilo, lakini ajabu ni kwamba haikuota sugu. Akasikia chenga zikimkwaruza, moja, mbili, nyingi. Wanawake walicheka kuuona mdomo uliojaa unga. Yeye aliona haya mpaka machozi yakamlenga.

"Bado, mama Jeruto," akasema. "Na vidole vyangu havisikii tena."

Kicheko kikakatika. Akazima mashine, akaifungua, akakuta chujio limetoboka. Akalibadilisha, akausaga ule wimbi upya. Ulipotoka, hakuugusa. Alisimama mbele ya Chelangat, akainama kidogo, akautoa mdomo wa chini, akangoja.